Mpimaji Anapopimwa: Kicheko, Sayari Ngeni na Historia ya Bunilizi ya Kiswahili, kwa Mtazamo wa Chala, Ufipa

Ikisiri
Makala haya yanachunguza historia ya kisa cha mjumbe anayetumwa kupima ulimwengu asioujua, kama kinavyojitokeza katika simulizi za Ufipa, katika maandishi ya safari ya Kiswahili na katika riwaya za Shaaban Robert na Katama Mkangi. Yanadai kwamba katika mkondo huu kicheko humwangukia mpimaji na waliomtuma, wala si wanaopimwa. Sababu yake ni ya kihistoria: jamii zinazosimulia visa hivi zimewahi kuwa, kwa macho ya wengine, ndiyo sayari ngeni yenyewe. Hata hivyo, makala yanaonyesha kwamba Kiswahili nacho kiliwahi kushika kamba ya kupimia, na kwamba jambo hilo halina budi kuingizwa katika historia ya utanzu.

1. Utangulizi
Katika mijadala kuhusu riwaya ya Kiswahili, bunilizi ya kisayansi hutajwa mara chache. Inapotajwa, huchukuliwa kuwa utanzu ulioletwa kutoka nje pamoja na filamu na vitabu vya Ulaya na Marekani. Kazi zinazohusu nchi za angani au safari za kwenda sayari nyingine huainishwa haraka kuwa istiari za kisiasa, na mjadala ukaishia hapo. Uainishaji huo si wa uongo, ila una hasara. Unapoamua mapema kwamba nchi ya angani ni jina jingine la koloni, hausomi tena safari yenyewe: nani ametumwa, amepewa kipimo gani, na kwa nini msomaji anacheka.

Kwa madhumuni ya makala haya, kisa cha upimaji wa ulimwengu mgeni ni simulizi ambamo mtu hutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine akiwa na kazi nne: kuona, kupima, kutoa majina na kurudisha taarifa. Ucheshi wa kisa huzaliwa pale kipimo kinapokataa kulingana na kinachopimwa. Fasihi ya dunia ina mifano maarufu. Katika Micromégas ya Voltaire (1752), jitu kutoka nyota ya Sirius linaokota merikebu ya wanahisabati wanaorejea kutoka Mzingo wa Aktiki, na vijitu hivyo vidogo vinalipima jitu kimo chake kwa usahihi. Voltaire alikuwa akiwatania wanasayansi wa Ufaransa waliokwenda Lapland mwaka 1736 kupima umbo la dunia. Karne mbili baadaye, Stanisław Lem wa Poland alimtuma mhusika wake Ijon Tichy kuzunguka nyota katika Dzienniki gwiazdowe (1957), na kila sayari ikawa fedheha mpya kwa ujuzi wa mgeni.

Swali la makala haya ni hili: kisa kama hicho kina historia gani katika Kiswahili na katika mazingira yake? Tunaanzia Chala, mji mdogo wa wilaya ya Nkasi ulio katika barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Namanyere, juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Sababu ya kuanzia hapo ni ya kimbinu. Ufipa imepimwa, imechorwa na imeandikwa mara nyingi, lakini ni mara chache wakazi wake wamehesabiwa miongoni mwa wapimaji. Anayeitazama historia ya utanzu huu kutoka Chala huona mambo ambayo hayaonekani kwa urahisi kutoka pwani.

2. Aliyeshuka na walioketi
Simulizi ya asili ya utawala wa Ufipa imeandikwa na kuchambuliwa kwa kina na mwanaanthropolojia Roy Willis, hasa katika A State in the Making (1981). Kwa mujibu wa simulizi hiyo, mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni. Makao ya ukoo wake yakawa Milansi, kijiji cha kudumu milele, chini ya mlima Itweelele. Baadaye wakaja wanawake watatu wageni kutoka mbali. Mtawala wa Milansi alikuwa ameonya kwamba wageni wasipewe kigoda chake, kisha akaenda kuwinda. Aliporudi alikuta mkewe amekwisha kukitoa na mgeni ameketi. Utawala ukahamia kwa nasaba ya wageni hao, Watwa. Milansi ikabaki na mamlaka ya kimila, na kiongozi wake akaendelea kuwa na nafasi katika kuwasimika watawala wa nasaba iliyompokonya kigoda. Kutokana na nasaba hiyo zilitokea dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la wilaya ya Nkasi, iliyo na mji wa Chala, linahifadhi kumbukumbu ya dola ya kwanza.

Willis aliisoma simulizi hii kama falsafa ya mamlaka. Kwa mwanafasihi kuna jambo la kuongeza. Kwanza, mwenyeji mwenyewe alitoka juu. Simulizi haina mtu aliyechipuka ardhini akawa na haki ya kumwita mwingine mgeni. Tofauti iliyopo ni kati ya aliyetangulia kufika na aliyechelewa. Pili, nchi inabadilisha mikono bila vita na bila kipimo chochote. Wageni hawakuzungushia nchi kamba, wala hawakuhesabu mito. Waliketi. Hapo pana kichekesho cha kikavu: mtawala aliyeonya juu ya hatari ndiye aliyekwenda kuwinda siku ya hatari, na nchi nzima ikaponyoka kwa sababu ya adabu ya kumpa mgeni mahali pa kukaa.

Hatudai kwamba simulizi ya Milansi ni bunilizi ya kisayansi, wala kwamba Shaaban Robert au Mkangi aliisikia. Tunachodai ni kwamba tayari inauliza swali ambalo utanzu mzima huliuliza: anayeshuka kutoka juu anapata wapi haki ya kusema nchi hii ni ya nani?

3. Nchi iliyogawanywa kabla ya kupimwa
Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, swali hilo lilitoka katika simulizi likaingia katika matukio. Mwaka 1879 Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoasisiwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilianzisha kituo Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson alipita Ufipa na kuliona Ziwa Rukwa. Ziwa hilo lilikuwa na jina, na watu waliokuwa wakivua humo walilijua. Thomson alilipa jina la Leopold. Kwa miaka kadhaa baadhi ya ramani za Ulaya ziliendelea kuonyesha ziwa la mfalme ambaye hakuwahi kulitia mguu. Kisha jina hilo likafutika na Rukwa ikabaki.

Kisa cha mpaka wa kusini kinachekesha zaidi, japo matokeo yake hayakuwa mzaha. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, ukaweka mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Tume ya pamoja ya kuupima mpaka huo ilifika mwaka 1898, miaka 8 baadaye. Maana yake ni kwamba nchi iligawanywa kwanza, ikapimwa baadaye. Wapimaji walitumia nyota kujua mahali waliposimama juu ya ardhi, wakati wenyeji wao walijua mahali hapo bila kutazama juu. Mstari ulipokamilika, Wamambwe na Walungu walijikuta wako pande mbili, baadhi katika himaya ya Wajerumani na baadhi katika himaya ya Waingereza, na hadi leo jamii hizo ziko Tanzania na Zambia.

Kama tungeondoa majina ya mahali na tarehe, tungekuwa na kisa kamili cha bunilizi ya kisayansi ya kuchekesha. Viumbe wa mbali wanagawana sayari wasiyoijua, kisha wanawatuma mafundi wenye vyombo vya ajabu wakaone walichogawana. Tofauti ni kwamba katika bunilizi msomaji hufunga kitabu. Wamambwe walibaki na mpaka. Ndiyo maana tunasema kwamba katika eneo hili kisa cha mpimaji wa sayari ngeni hakikuhitaji kuingizwa kutoka nje. Kilitokea kabla ya kuandikwa.

4. Kiswahili kama chombo cha kupimia
Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukauweka upimaji wote upande wa Ulaya na kicheko chote upande wetu. Maandishi ya Kiswahili hayaturuhusu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Ndani yake Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari ya bara la Afrika, Salim bin Abakari anaeleza safari ya Urusi na Siberia, na Amur bin Nasur, aliyewahi kufundisha Kiswahili Berlin, anaeleza safari ya Udachi. Wahakiki wamezisifu, kwa haki, safari za Ulaya katika mkusanyo huo kwa kupindua mtazamo. Mwafrika ndiye anayetazama. Urusi na Ujerumani ndizo nchi za ajabu zinazoelezwa chakula chake, baridi yake na desturi za watu wake.

Lakini mkusanyo huohuo una bara la Afrika pia. Huko msafiri wa pwani anabeba msamiati wa ustaarabu na ushenzi, na watu wa bara wanakuwa washenzi kabla hawajasema neno. Kwa mkazi wa Ufipa wa wakati huo, msafara wa pwani ulikuwa nao ni ugeni ulioshuka na lugha yake, mizani yake na orodha yake ya bidhaa. Kiswahili kilifika uwandani kikiwa lugha ya wafanyabiashara wa misafara, kikaendelea kuwa lugha ya utawala na ya shule. Kifipa kilibaki lugha ya nyumbani, ya matuta ya ntumba yanayorutubishwa kwa majani yaliyofukiwa, na ya tanuru refu za chuma, malungu, ambazo magofu yake bado yanatafitiwa Nkasi.

Hivyo basi msomaji wa Kiswahili ana nafasi mbili kwa wakati mmoja. Anaposoma habari za Siberia ni mpimaji. Anaposoma habari za bara, kama ni mtoto wa bara, ni mpimwa. Aidha, waandishi wa Velten waliandika kwa kuombwa naye, kwa hiyo hata macho yao yalikuwa yameagizwa. Kejeli ya riwaya zilizofuata haieleweki vizuri bila kukumbuka ugumu huu. Wakati Kiswahili kinamcheka mpimaji, kinaicheka pia sehemu ya historia yake chenyewe.

5. Wajumbe wa Kusadikika
Kusadikika ya Shaaban Robert ilitolewa mwaka 1951. Nchi yenyewe iko angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kabla yake: mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mjumbe alikwenda, akaona, akarudi na taarifa yenye manufaa. Kila mmoja akafungwa.

Riwaya hii imesomwa sana kama kejeli ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo una msingi. Tukiisoma kama kisa cha upimaji, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni mwelekeo. Kwa Wakusadikika ardhi ni mojawapo ya nchi za mbali zinazotumiwa mjumbe. Msomaji wa Tanga au Sumbawanga anajikuta anaishi katika sayari ngeni ya watu wengine, sayari ambayo mjumbe aliijia akaisoma. La pili ni muundo wa kicheko. Katika visa vingi vya Ulaya mpimaji anachekesha kwa sababu haelewi alichokiona. Wajumbe wa Kusadikika wameelewa. Kichekesho kiko kwa waliowatuma: serikali inayogharimia safari sita, kisha inamwadhibu kila anayerudi na jibu. Urudiaji wa kisa mara sita, ambao baadhi ya wanafunzi huuona kuwa udhaifu wa kimuundo, ndiyo mashine ya kichekesho chenyewe. Mjumbe wa kwanza akifungwa tunasikitika. Wa nne akifungwa tunaanza kucheka kwa uchungu, kwa sababu tumekwisha kujua kanuni ya nchi hiyo.

Shaaban Robert aliijua ofisi kutoka ndani. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na kuanzia mwaka 1952 alifanya kazi katika ofisi ya upimaji ardhi Tanga. Kazi hiyo ilikuja baada ya Kusadikika kuchapishwa, kwa hiyo haiwezi kutolewa kuwa chanzo chake. Inatosha kusema kwamba mwandishi wa wajumbe sita alimalizia utumishi wake miongoni mwa ramani.

6. Anga inaposhuka
Kati ya Kusadikika na riwaya inayofuata katika hoja yetu, anga yenyewe ilishuka Afrika Mashariki. Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury, na kikajengwa Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia, kituo hicho kilikuwa kimojawapo cha vilivyozungumza naye. Wanaharakati wa Zanzibar walikipinga kwa hofu kwamba kingeivuta nchi katika ugomvi wa mataifa makubwa, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kiliondolewa mwaka huohuo.

Mwaka huohuo wa 1964, ng'ambo ya mpaka uliopimwa mwaka 1898, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba Zambia ingewatangulia Wamarekani na Warusi kufika mwezini. Aliwafunza vijana wake kwa kuwaviringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta, akaomba fedha UNESCO asipewe. Magazeti ya Magharibi yalicheka. Mwandishi Namwali Serpell amedai, kwa hoja nzito, kwamba huenda Nkoloso ndiye aliyekuwa akiwacheka wao: mpigania uhuru aliyeigiza ushindani wa mataifa makubwa hadi upuuzi wake ukaonekana. Tukikubali usomaji huo, tunayo maonyesho ya jukwaani ya utanzu tunaouzungumzia, na mpimaji ndiye mchekwa.

Kisha, tarehe 12 Desemba 1970, katika sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa mahsusi kupima anga kwa miale ya eksirei, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Neno la Kiswahili likaingia katika historia ya unajimu. Waliokuwa wakiliishi neno hilo ufukoni hawakuwa miongoni mwa waliosoma vipimo.

7. Walenisi
Katama Mkangi (1944–2004) alikuwa mwana wa pwani ya Kenya na msomi wa sosholojia. Aliwekwa kizuizini mwaka 1986 wakati wa msako dhidi ya Mwakenya. Riwaya yake Walenisi ilitolewa mwaka 1995. Mhusika mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kufungiwa katika chombo na kurushwa angani. Anafaulu kukiongoza chombo hicho na kutua katika sayari ya Walenisi, yenye jamii ya usawa ambayo inabidi ajifunze kuielewa.

Wahakiki wameiita riwaya ya nchi ya ndoto, na wengine wamelalamika kwamba mafundisho yanazidi kisa. Lalamiko hilo lina ukweli kiasi. Lakini tukiiweka baada ya Kusadikika, tunaona Mkangi amefanya jambo la werevu. Serikali ya Kusadikika iliwatuma wajumbe ikawafunga waliporudi. Serikali ya Dzombo imefupisha shughuli: inamfunga mtu kwanza, kisha inamtuma. Teknolojia ya anga, ambayo kwingine ni fahari ya taifa, hapa ni chombo cha kunyongea. Na mpimaji hana kamba wala dira wala cheo, ni mfungwa. Kila anapojaribu kuipima sayari kwa kanuni za kwao, kanuni hizo ndizo zinazoonekana za ajabu.

Jina la sayari linabeba hoja nzima. Walenisi ni sentensi: wale ni sisi. Hapa kicheko cha kimatamshi kinafanya kazi ambayo kurasa nyingi za mahubiri zisingeweza. Msomaji analitamka jina la viumbe wa mbali na, bila kukusudia, anajikiri. Mwanaisimu ataona kwamba mzaha huu unategemea Kiswahili kwa dhati: kiashiria, kitenzi kishirikishi na kiwakilishi vinashikamana bila mshono, na mpaka kati ya wale na sisi unafutika katika matamshi. Ukitafsiriwa, unabaki maelezo ya mzaha.

Tukilirudisha jina hilo Ufipa, linaafikiana na simulizi ya Milansi kwa namna ambayo mwandishi hakuhitaji kuikusudia. Pale, mwenyeji na mgeni wote walitoka kwingine. Hapa, mgeni anagundua kwamba aliowaona kuwa wengine ni yeye. Kisa kimoja kinaeleza asili ya utawala na kingine kinashtaki utawala, lakini vyote viwili vinakataa kumpa mpimaji mahali pa kusimama nje ya kinachopimwa.

8. Hitimisho
Makala yamedai kwamba Kiswahili kina mkondo wake wa kisa cha kuchekesha cha kupima walimwengu wageni, na kwamba katika mkondo huo kicheko humrudia mpimaji na mamlaka iliyomtuma. Mkondo huo haukurithiwa moja kwa moja kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Umeunganishwa na hali ya kihistoria ya watu waliogawanywa kabla ya kupimwa, waliopewa majina ya wafalme wa mbali, na ambao anga lao lilitumiwa na wengine. Umeunganishwa vilevile na lugha ambayo ilipimwa na ikapima.

Athari za kitaaluma ni mbili. Kwanza, katika mihadhara ya riwaya, Kusadikika na Walenisi zisomwe pamoja kama bunilizi za safari na upimaji, bila kufutwa usomaji wa kiistiari uliopo. Pili, simulizi za bara zikusanywe na kufundishwa kama sehemu ya historia ya mawazo ya utanzu, si kama kiambatisho cha ngano. Wanafunzi wanaotoka Chala, Kirando au Laela wanazo simulizi za wageni walioketi. Mara nyingi hawaulizwi.

Jambo hili halihusu wakati uliopita tu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwepo kwa heliamu nyingi katika bonde la Rukwa, chini ya uwanda wa Ufipa, na tangu hapo wachimbaji wamekuwa wakiitafuta. Heliamu ilitambuliwa mwaka 1868 katika mwanga wa jua, kabla haijapatikana duniani mwaka 1895, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la jua. Wapimaji sasa wanatafuta chini ya miguu ya wakazi wa Rukwa kitu kilichojulikana kwanza kutoka angani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fasihi tuliyoichambua inamdai mgeni wa namna hii jambo moja zaidi: kabla ya kupewa jembe au kigoda, aseme ametumwa na nani, na taarifa yake atairudisha kwa nani.